Jina Lililomwagika

Haya yalitokea katika Jamhuri ya Majisifu, nchi iliyo mbali sana na hapa. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na akiona inafanana na nchi yoyote anayoijua, aende akapime macho.

Siwatu Mdachi alikuwa mtumishi wa Idara ya Majina ya Mtandao kwa miaka kumi na mmoja. Kazi ya idara hiyo ilikuwa nyepesi kuieleza. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Mwananchi akiandika jina la hospitali, lazima awepo anayeijua namba ya hospitali hiyo ili ampeleke. Huko Majisifu aliyezijua namba zote alikuwa mmoja tu: programu iliyoitwa Mwitaji, iliyokaa ndani ya mashine moja, ghorofa ya tatu, nyuma ya chumba cha chai. Nchi nyingine zilitumia programu zilizokwisha kukaguliwa na mafundi wengi. Majisifu ilikataa. Kutumia kitu kilichokaguliwa na wengine, ilisemwa, ni kukosa kujiamini. Mwitaji alitengenezwa nyumbani, na picha ya mashine yake yenye taa mbili za kijani ilibandikwa kwenye stempu za posta.

Vitabu vya shule vilieleza kwamba Mwitaji aliandikwa na Mheshimiwa Gwasuma Tambo, Waziri wa Sifa na Mawasiliano, kwa siku tatu, akiwa na homa kali. Siwatu, aliyeifungua programu hiyo kila siku ya kazi, hakuwahi kuona ukurasa ambamo homa hiyo haikujitokeza.

Jumanne moja asubuhi simu ya mezani kwake ililia. Aliyepiga alikuwa Tekla Nyagawa, mfamasia wa Hospitali Kuu, mwanamke ambaye hakuwa na tabia ya kupiga simu bila sababu.

"Dada Siwatu, nataka kuagiza insulini ya wagonjwa wa kisukari. Naandika jina la Bohari ya Dawa, inanifungukia Kamati ya Magwaride. Wananiuliza nataka tarumbeta ngapi."

"Umejaribu tena?"

"Mara sita. Nimeshapewa na namba ya ngoma."

Siwatu aliizima mashine, akaiwasha, na Bohari ya Dawa ikarudi mahali pake. Mtu mwingine angekwenda kunywa chai. Yeye aliketi kuisoma programu mstari kwa mstari, na alasiri ya siku ya pili alikipata alichokuwa akikitafuta.

Mwandishi wa Mwitaji alikuwa amelitengea kila jina kijumba cha herufi sitini na tatu katika kumbukumbu ya mashine. Hilo lilikuwa sawa. Lakini hakumwambia Mwitaji afanye nini jina likizidi hapo. Kwa hiyo Mwitaji, kwa utii, aliendelea kuandika. Herufi ya sitini na nne ilimwagikia kijumba cha jirani, na ndani ya kijumba cha jirani ndimo ilimohifadhiwa namba ya mtu mwingine. Wiki iliyotangulia Kamati ya Magwaride ilikuwa imejipa jina jipya lenye herufi sabini. Zile saba za mwisho ziliangukia Bohari ya Dawa.

Na halikuwa suala la bahati mbaya tu. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuandika jina refu kwa makusudi, na kwenye ule mkia akaweka namba ya nyumbani kwake. Kuanzia hapo barua za wizara, siri za jeshi, vipimo vya wagonjwa, vyote vingepita sebuleni kwake kwanza.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Mstari wa kumwambia Mwitaji: jina likizidi herufi sitini na tatu, likatae. Siwatu aliuandika kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, akaenda nao kwa mkurugenzi.

*

Mkurugenzi wa idara alikuwa Bwana Elibariki Mzengwe, aliyekuwa zamani msimamizi wa kwaya ya wizara. Juu ya kompyuta alijua kwamba zinawashwa. Alisoma ripoti ya Siwatu huku akiishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa nepi.

"Umeandika hapa 'udhaifu'."

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi. Ni udhaifu wa kiusalama."

"Neno hilo liliondolewa kwenye matumizi ya ofisi mwaka juzi. Waraka namba nane. Andika 'nguvu isiyotarajiwa'."

Siwatu alikata, akaandika nguvu isiyotarajiwa.

"Na hapa unasema Mwitaji anamwaga."

"Anamwaga, bwana. Jina likiwa refu kupita kiasi."

Mkurugenzi aliiweka karatasi chini polepole. Akaenda kuufunga mlango. "Bi Siwatu," alisema kwa sauti ya chini, "unajua Jumatatu ijayo kuna nini?"

Siwatu alijua. Nchi nzima ilijua, kwa kuwa mabango yaliifunika hadi milango ya vyoo vya stendi. Jumatatu Mheshimiwa Tambo angezindua anwani yake mwenyewe ya mtandao, na anwani hiyo ilikuwa hii: mheshimiwadaktariinjiniamwanamkakatimlezimkuuwamtandaonamfarijiwataifagwasumatambo.

"Ina herufi themanini na mbili," alisema Siwatu. "Kijumba kinajaa kwenye neno 'mfariji'. Yanayofuata yote yanamwagika. Jina lake lenyewe, bwana, la Gwasuma Tambo, halipati nafasi hata ya herufi moja. Vyeo vimejaza nyumba."

Mzengwe alimtazama kama mtu anayemtazama jirani aliyevuliwa nguo barabarani.

"Umesema jina la Mheshimiwa ni refu kupita kiasi?"

"Nimesema kijumba ni kifupi."

"Kijumba alikijenga yeye."

*

Kamati ya dharura iliitishwa Ijumaa. Walikuja watu ishirini na wawili, na kati yao hakuna aliyejua Mwitaji ni kitu gani isipokuwa mwandaaji wa chai, aliyekuwa akipasha maandazi juu ya mashine hiyo kwa miaka minne. Waziri mwenyewe aliingia wa mwisho, wote wakasimama, akaketi, wote wakaendelea kusimama mpaka alipokumbuka kuwaambia wakae.

"Nimeambiwa," alianza Mheshimiwa Tambo, "kwamba yupo mtumishi wa umma anayetaka kuniwekea kikomo. Ndugu zangu, wakoloni walituwekea mipaka kwenye ardhi. Tukavumilia. Leo, ndani ya nchi huru, mwanamke mmoja mwenye kalamu ya risasi anatuwekea mipaka kwenye majina! Leo ni herufi sitini na tatu. Kesho atatuambia hotuba ziwe na mwisho!"

Ukumbi uliguna kwa hofu.

"Mheshimiwa," alisema Siwatu, akisimama bila kuruhusiwa, "wiki hii hospitali iliomba insulini ikapelekwa kwenye tarumbeta. Mgonjwa wa kisukari hawezi kusubiri. Naomba mstari mmoja tu. Nimekwisha kuuandika, huu hapa."

"Mstari huo unasemaje?"

"Unasema likizidi, likatae."

"Limkatae nani?"

"Yeyote, Mheshimiwa."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna ambayo huko Majisifu hufuatwa na gari la polisi. Mtu wa usalama, Inspekta Ndimbo, aliyekuwa amekaa nyuma akila maandazi, alifuta mikono na kuinuka.

"Huyu mama anasema kuna tundu," alisema. "Hakuna mwingine aliyeliona. Kwa uzoefu wangu wa miaka ishirini, anayejua tundu lilipo ndiye aliyelitoboa."

Walimpigia makofi.

Siwatu alihojiwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Inspekta alitaka kujua tundu hilo lina upana gani, linaelekea upande gani wa jengo, na kama mtu mzima anaweza kupita. Siwatu alimweleza kuhusu vijumba na herufi mara tatu. Mara ya nne alichoka.

"Afande, ni tundu la maandishi."

"Kwa hiyo limefichwa ndani ya karatasi."

"Haya. Andika hivyo."

Jumamosi asubuhi waliletwa mafundi wa kuchomelea. Waliizungushia mashine ya Mwitaji kizimba cha nondo za milimita kumi na sita, wakakipaka rangi za bendera, na walipomaliza ikagundulika kwamba hawakukiwekea mlango. Gazeti la serikali liliandika kwamba tundu limezibwa na sasa hata nzi hawezi kuingia. Hakuna aliyetaja kwamba mashine huendeshwa kutoka meza ya chumba cha pili, kwa waya.

Siwatu hakufungwa. Alihamishiwa mapokezi, akapewa daftari la wageni na kitambaa cha kufutia vumbi picha ya Waziri. Nafasi yake ghorofa ya tatu alipewa mpwa wa Mzengwe, aliyesomea mapambo ya kumbi. Nenosiri hakuna aliyelibadilisha, kwa sababu lilikuwa jina la Waziri, na kulibadilisha kungehitaji kikao.

*

Jumatatu Mheshimiwa Tambo alibonyeza kitufe mbele ya halaiki, na anwani yake ikafunguka, ikionyesha picha yake akibonyeza kitufe. Watu walishangilia. Siwatu alisikiliza redioni, pale mapokezi, huku akihesabu kimoyomoyo vijumba vilivyokuwa vikifurikwa.

Herufi kumi na tisa zilimwagika kila mwananchi alipoifungua anwani hiyo, na ilikuwa amri kuifungua kila siku kabla ya staftahi. Kufikia Jumatano viongozi wengine walikwisha kuona wivu. Mkuu wa Mkoa mmoja alijisajili kwa herufi mia moja na tano. Mke wa Spika alitumia mia na arobaini, akimtaja na marehemu babu yake. Mwitaji aliandika yote, kwa utii, juu ya kila alichokikuta.

Raia waliotafuta matokeo ya mitihani walifikishwa kwenye machinjio ya manispaa. Amri ya siri ya jeshi ya kusogeza kikosi mpakani ilimfikia mfugaji wa kuku, naye akajibu kwa adabu kwamba kuku wake hawajazoea baridi. Maombi ya pasipoti yalikuwa yakipokewa na bendi ya harusi. Serikali ilitoa taarifa kwamba huo ni mshikamano mpya wa taasisi.

Hayo watu waliyacheka, na Siwatu naye aliyacheka, mpaka asubuhi ya Alhamisi ya juma lililofuata. Mlango wa mapokezi ulifunguliwa akaingia Tekla Nyagawa, amevaa koti lake jeupe, hajalivua tangu zamu ya jana. Hakuketi.

"Niliagiza insulini siku tisa zilizopita," alisema. "Kila siku naagiza. Kila siku najibiwa 'Ombi lako limepokelewa, endelea kuwa mzalendo.' Nikadhani Bohari wanachelewa. Leo nimekwenda kwa miguu mpaka Bohari. Friji zao zimejaa, Siwatu. Zimejaa! Wanasema hospitali yetu haijaomba chochote, wakadhani hatuna wagonjwa."

"Na nani anakujibu?"

"Nitajuaje mimi? Wewe ndiye mtu wa majina."

Siwatu alijua. Alishalisoma tangazo la Kamati ya Magwaride, lililowashukuru wananchi kwa maombi mengi ya kushiriki.

"Kuna yeyote..." alianza kuuliza, akashindwa kumaliza.

"Mzee Likwata. Yule fundi saa wa karibu na soko. Amefariki saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa tumemgawia ya wengine mpaka ikaisha. Aliniuliza jana, mama, hivi dawa imekwama wapi? Nikamwambia iko njiani." Tekla alifuta uso kwa kiganja. "Chupa walizonipa mkononi leo bila ombi la mtandao zinatosha siku mbili. Wodini kwetu wako thelathini na wanne. Na hospitali za mikoani nani atawaendea kwa miguu?"

Siwatu alikuwa ameshika kile kitambaa. Alikiweka juu ya daftari la wageni. Hofu aliyokuwa nayo tangu siku ya kamati ilikuwa ingalipo, lakini juu yake kulikuwa na hasira, na hasira ilikuwa nzito zaidi.

"Nisubiri hapa," alisema. "Simu ikilia, sema Mapokezi."

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mpwa wa Mzengwe alikuwa akikitundikia kile kizimba vitambaa vya bluu na vyeupe, kwa ajili ya wageni wa kuja kukitazama.

"Shikamoo, Bi Siwatu. Unatafuta kitu?"

"Marahaba. Nimekuja kufuta vumbi."

Aliketi kwenye meza ya chumba cha pili, akaandika jina la Waziri likamfungulia mlango, akaenda mpaka pale alipopajua. Aliandika mstari wake, akausoma mara mbili. Jina likizidi herufi sitini na tatu, likatae. Kisha akamzima Mwitaji na kumwasha upya. Kazi yote ilichukua dakika saba. Baadhi ya watu wa kamati walihitaji muda mrefu zaidi ya huo kumaliza kusalimiana.

Aliporudi mapokezi alimkuta Tekla na simu mkononi, akitazama kioo chake.

"Nimeagiza tena, na Bohari ya Dawa wamejibu," alisema Tekla. "Gari linatoka saa sita." Kisha akamtazama usoni. "Umefanya nini?"

"Nenda kazini, dada. Usiwe hapa watakapokuja."

*

Walikuja baada ya saa moja na nusu, kwa sababu huo ndio muda ambao Mheshimiwa Tambo alichukua kugundua kwamba anwani yake haifunguki. Matokeo ya mitihani yalikuwa yamerudi kwenye shule, kuku walikuwa wameachishwa jeshi, hospitali za nchi nzima zilikuwa zikiagiza dawa na kupata. Ila mahali palipokuwa na picha ya Waziri akibonyeza kitufe palikuwa na maneno matatu tu: Jina hili limekataliwa.

Kesi haikuchukua muda. Mwendesha mashtaka alisoma kosa: kumkataa Waziri kwa njia ya kielektroniki. Tekla alikuja kutoa ushahidi, akataja siku tisa, akamtaja mzee Likwata kwa jina lake kamili na mahali alipokuwa akitengeneza saa. Hakimu aliagiza jina hilo lisiandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa kuwa marehemu hakuwa amesajiliwa kama shahidi. Tekla akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Akatolewa nje, naye akalisema tena kule ukumbini, ambako watu walikuwa wengi kuliko ndani.

Siwatu alipewa miaka sita.

Kisha ikaja shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Waziri alitaka ule mstari uondolewe mara moja. Mwitaji alikuwa na mistari elfu arobaini, na katika idara nzima hakukuwa na mtu aliyejua kuisoma. Waliichapa yote kwenye karatasi, wakaigawa kwa wajumbe ishirini na wawili, kila mmoja akaenda nayo nyumbani. Mjumbe mmoja alifuta mstari uliomkera kwa kuwa ulikuwa na neno 'mwisho', na shirika la umeme likapotea kwenye mtandao kwa siku tatu. Baada ya hapo waliogopa hata kugusa karatasi zenyewe.

Mwezi wa tatu wa kifungo Bwana Mzengwe alifika gerezani. Alikuwa amekonda. Alimkuta Siwatu akianika mashuka uani, akasimama upande wa pili wa kamba, huku askari magereza akitazama kwingine.

"Bi Siwatu, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Mkurugenzi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Sikiliza, nimetumwa. Mheshimiwa ana moyo mkubwa. Yuko tayari kukusamehe miaka yote sita. Leo hii unatoka na mimi, gari liko nje. Anachotaka ni kimoja tu, utuonyeshe mstari wenyewe ni upi."

Siwatu alilikunjua shuka jingine, akalitundika. Alimfikiria mama yake aliyekuwa akija kila Jumapili kwa safari ya mwendo wa saa nne. Alilifikiria na hilo gari lililokuwa nje, lenye milango inayofunguka. Mikono yake haikusimama, lakini ilipunguza mwendo, na Mzengwe aliliona hilo akaanza kutabasamu.

"Mkiutoa," aliuliza Siwatu, "dawa zitapita wapi?"

"Hilo litaundiwa kamati."

Siwatu aliinama, akaokota kibanio, akakibana pembeni mwa shuka.

"Basi nendeni mkautafute. Hauna maficho. Ni ule unaosema hapana."

Mzengwe alitoa kitambaa, akajifuta shingo. "Tumetafuta, Bi Siwatu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Tumetafuta wote ishirini na wawili. Hakuna hata mmoja wetu anayejua neno hilo linavyoandikwa."